Nani Anasubiri Nini: Mwongozo Kamili wa Kuchambua Utendaji wa Meinfremu, Pamoja na Meza ya Kazi Inayokusaidia

Meinfremu, ile kompyuta kubwa ya benki na mashirika, kufika asilimia 100 ya CPU si ugonjwa. Mtu aliyezoea seva za kawaida akiiona grafu ya CPU imelala juu kabisa tangu asubuhi ataanza kumtafuta mtu wa zamu. Aliyezoea z/OS, mfumo endeshi wa meinfremu, atauliza kwanza kazi zipi zinasubiri, na zinasubiri nini. Ukoo huu wa mashine, ulioanza na System/360 iliyotangazwa na IBM Aprili 7, 1964, umekomaa katika kuendesha mizigo mingi kwa pamoja: yenye haraka inapita mbele, isiyo na haraka inakula mabaki. Bechi (kazi zinazoendeshwa kwa mkupuo, bila mtu kuzisubiri kwenye skrini) isiyo na haraka ikiijaza mashine huku miamala ya wateja ikitoka kwa wakati, hapo fedha iliyonunua mashine inatumika vizuri. CPU ikiwa kwenye asilimia 60 lakini muamala wa ATM umekwama kwenye kufuli la hifadhidata, tatizo lipo, na grafu ya CPU haitakuonyesha kitu.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye akaunti ya TSO, yaani ya kuingia na kufanya kazi kwenye z/OS, na ruhusa ya kusoma data za vipimo: mtayarishaji programu wa benki, mtu wa mifumo kwenye bima au shirika la ndege, au anayekaa Nairobi au Dar es Salaam akihudumia mteja wa nchi nyingine. Asiye na mashine aanze na hatua ya mwisho, kisha arudi juu.

Hatua ya 1: Andika swali kabla ya kufungua ripoti

"Mfumo uko taratibu" si swali. Mtu akikuletea maneno hayo, usimwache aende hadi akujibu mambo manne: ni kazi ipi (jina la jobu, yaani kazi ya bechi, muamala au skrini), ilianza lini na kuisha lini, ni taratibu kuliko nini (jana? Jumatatu iliyopita? mwisho wa mwezi uliopita?), na nini kimebadilishwa siku za karibuni. Hilo la tatu ndilo linalowashinda wengi. Bila kipimo cha siku ya kawaida utazunguka ndani ya namba hadi usiku.

Kuhusu saa, andika kwa mtindo wa saa 24 siku zote. Ukiandika "saa nane" kwenye daftari, wiki tatu baadaye hutajua kama ni 02:00, 08:00 au 14:00, hasa ukiwa umeongea na mtu wa ng'ambo siku hiyohiyo. Kumbuka pia kwamba saa iliyo kwenye kichwa cha rekodi ya SMF (kumbukumbu za vipimo za z/OS) ni saa ya mahali mfumo ulipo. Sisi huku hatubadilishi saa, lakini mifumo ya Ulaya inasogea Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Oktoba saa inaporudishwa nyuma, saa moja nzima hujitokeza mara mbili kwenye data, na grafu itakuonyesha mzigo ambao haukuwahi kuwepo.

Hatua ya 2: Hakikisha vipimo vinakusanywa

SMF ndiyo inayoandika kumbukumbu za kila kinachotokea, na RMF ndiyo inayopima mashine na kuipa SMF rekodi zake. Andika amri `D SMF,O` kwenye konsoli au SDSF (skrini ya kutazama jobu na kutoa amri) uone aina zipi za rekodi zimewashwa. Unazozihitaji kwa kuanzia ni hizi:

- 30: jobu, hatua zake na kila eneo la kumbukumbu la programu
- 70: prosesa na LPAR, yaani sehemu ambazo mashine moja imegawanywa, kila moja na mfumo wake
- 72: mizigo kama inavyoonwa na WLM, sehemu ya z/OS inayoamua kazi ipi ipite mbele
- 74: diski, kache na kapulingi fasiliti (kumbukumbu inayoshirikiwa na mifumo kadhaa)
- 42, aina ndogo ya 6: diski kwa kila dataseti, yaani faili kwa lugha ya meinfremu
- 113: vihesabio vya ndani ya prosesa, vinavyohitaji HIS, huduma ya kuvisoma, iwe imeanzishwa

Za DB2, ambayo ni hifadhidata (100 hadi 102), na za CICS, inayoendesha miamala (110), zina uzito wa peke yake. Ziwashe kwa makubaliano na wenye mifumo hiyo, kwani zinaweza kujaza diski haraka.

Kwenye SMFPRMxx (faili la mipangilio ya SMF) weka `INTVAL(15)` na `SYNCVAL(00)`, na RMF iambiwe ifuate saa ya SMF. Hapo kila kipindi kitaanza dakika 00, 15, 30 na 45, kwenye mifumo yote. Mfumo mmoja ukihesabu kuanzia dakika ya 07 na mwingine dakika ya 00, kuwalinganisha ni kupoteza muda.

Dakika 15 hata hivyo ni wastani. Msukosuko wa dakika moja humezwa humo ndani usionekane. Kwa mambo mafupi tumia RMF Monitor III, ambayo huchukua sampuli kila sekunde na kwa kawaida kuzikusanya kwa vipindi vya sekunde 100. Ina skrini inayoitwa DELAY, na kama ningeruhusiwa kubaki na skrini moja tu, ningebaki na hiyo. Inaorodhesha kila kazi, asilimia ya muda iliosubiri, na ilichokuwa inasubiri: prosesa, diski, kumbukumbu, au dataseti iliyoshikwa na mwingine. Kwa hilo la mwisho, nenda skrini ya ENQ uone aliyeishika. Data za Monitor III hazikai muda mrefu, mpya huandikwa juu ya za zamani, kwa hiyo tukio likitokea usisubiri kesho.

Hatua ya 3: Toa data bila kuharibu

Kama SMF yako inaandika kwenye dataseti za SYS1.MANx, programu ya kutolea ni IFASMFDP. Ikiwa ni logstrimu (mkondo wa kumbukumbu), ni IFASMFDL. Mfano wa siku moja, Machi 25, 2025, ambayo ni siku ya 84 ya mwaka:

```
//TOA      EXEC PGM=IFASMFDP
//INGIZO   DD DISP=SHR,DSN=SYS1.MAN1
//TOKEO    DD DSN=MIMI.SMF.D2025084,DISP=(NEW,CATLG),
//            SPACE=(CYL,(200,100),RLSE),
//            RECFM=VBS,LRECL=32760
//SYSPRINT DD SYSOUT=*
//SYSIN    DD *
  INDD(INGIZO,OPTIONS(DUMP))
  OUTDD(TOKEO,TYPE(30,42,70:79,113))
  DATE(2025084,2025084)
/*
```

Neno `DUMP` hapo lina maana kubwa. Ukiweka `ALL`, dataseti itasafishwa baada ya kunakiliwa, na wakaguzi wa benki hawatakuelewa. Kwa kweli mahali pengi SMF hunakiliwa yenyewe kwenda kwenye hifadhi ya kila siku. Soma kutoka huko, usiguse dataseti hai kabisa.

Kisha geuza rekodi ziwe ripoti:

```
//RIPOTI   EXEC PGM=ERBRMFPP
//MFPINPUT DD DISP=SHR,DSN=MIMI.SMF.D2025084
//MFPMSGDS DD SYSOUT=*
//SYSIN    DD *
  DATE(03252025,03252025)
  RTOD(0800,1200)
  REPORTS(CPU,DEVICE(DASD))
  SYSRPTS(WLMGL(SCPER))
/*
```

Tarehe hapa ni mwezi, siku, mwaka, kwa mtindo wa Kimarekani, tofauti na ile ya jobu ya IFASMFDP hapo juu. Usiniulize kwa nini. Ukichanganya data za mifumo kadhaa, zipange kwanza kwa SORT ukitumia moduli za ERBPPE15 na ERBPPE35. Na ukiongeza DD ya XPRPTS utapata ripoti za mfumo mmoja mmoja kwa XML, rahisi zaidi kusomwa na skripti.

Hatua ya 4: Soma kuanzia kwa mwenye kusubiri

Wengi hufungua ripoti ya CPU kwanza kwa sababu ndiyo ya kwanza kwenye faili. Anza na ya WLM.

WLM hugawa kazi zote katika madaraja ya huduma, na kila daraja hupewa lengo na umuhimu wa 1 hadi 5. Chini ya hapo kuna kazi zinazochukua mabaki tu. Lengo linaweza kuwa muda wa majibu, kwa mfano asilimia 90 ya miamala imalizike ndani ya sekunde 0.3, au kasi. Kasi ni hesabu nyepesi: sampuli ambazo kazi ilikutwa ikitumia prosesa au diski, ugawanye kwa jumla ya zile ilizokutwa ikitumia na zile ilizokutwa ikisubiri, zidisha kwa 100. Ikitumia 30 na kusubiri 70, kasi ni 30.

Kutoka hapo ripoti inakupa PI, namba inayoonyesha lengo limefikiwa kiasi gani. Kwa lengo la kasi, PI ni lengo ugawanye kwa kilichopatikana: lengo 50, umepata 30, PI ni 1.67. Kwa lengo la wastani wa muda wa majibu ni kinyume chake, kilichopatikana ugawanye kwa lengo. Juu ya 1 lengo limekosekana, chini ya 1 limepitwa. Orodhesha madaraja yenye umuhimu 1 na 2 ambayo PI imevuka 1 wakati wa malalamiko. Kama hakuna hata moja, tatizo huenda liko nje ya mashine, au lengo lenyewe ni legevu.

Malengo legevu ni mengi kuliko watu wanavyodhani. Daraja linalokaa kwenye PI 0.4 mwaka mzima haliwezi kumwambia WLM kwamba lina shida, hata wateja wakilia: kwa macho yake, hilo ni tajiri anayeweza kunyang'anywa. Upande wa pili kuna aliyeweka kasi 90 kwa kila kitu. PI haishuki chini ya 1 hata siku ya Krismasi, na WLM haoni tena tofauti ya dharura na kawaida. Kila mashine ikibadilishwa, pitia upya malengo ya kasi, kwa sababu kasi inayofikika hutegemea idadi na nguvu ya prosesa.

Ukishapata daraja linaloumia, angalia safu za ucheleweshaji za daraja hilo hilo. Zitakuambia uelekee wapi kati ya njia zinazofuata.

*Linasubiri prosesa.* Sasa fungua ripoti ya CPU. Utaona vipimo viwili kwa kila prosesa: LPAR BUSY na MVS BUSY. Cha kwanza ni muda ambao LPAR ilipewa prosesa halisi, cha pili ni muda ambao z/OS ilijiona ina kazi ya kufanya. Cha pili kikikizidi sana cha kwanza, z/OS ilitaka kufanya kazi lakini mashine haikuipa prosesa. Hapo nenda kwenye ripoti ya LPAR zote uangalie uzani.

Hapa ndipo mwisho wa mwezi hufichua mambo. Chukua mashine yenye prosesa 10 za kushirikiana, LPAR yako ina uzani 300 kati ya jumla ya 1000. Unachohakikishiwa ni prosesa 3. Katikati ya mwezi majirani wamelala, unatumia 5 bila mtu kulalamika, na kila mtu anaamini 5 ndicho kiwango chako. Tarehe 28 mishahara inaanza kuchakatwa kwenye LPAR ya jirani, naye anadai chake. Unarudi kwenye 3. Programu haijabadilika, data haijabadilika, na bechi iliyokuwa ikiisha 04:00 inaingia hadi wafanyakazi wanafungua matawi. Kwa hiyo kwenye daftari lako la kipimo cha kawaida andika vyote viwili: ulichotumia na ulichohakikishiwa. Tofauti yake ni mkopo.

Kwenye ripoti hiyo hiyo angalia safu ya CAPPING. Asilimia ya WLM hapo ikiwa juu ya sifuri, LPAR imezuiwa na kikomo cha MSU (kipimo cha IBM cha uwezo wa prosesa unaotumika) ambacho mtu wa fedha aliafiki. Mjadala ni wa mezani, si wa kiufundi.

*Linasubiri zIIP.* Prosesa hizi maalumu zilikuja 2006 na hubeba Java, sehemu ya maombi ya DB2 yanayotoka mtandaoni, na kadhalika. Kazi inayofanyika humo haihesabiwi kwenye bili ya programu. Kwenye ripoti ya WLM tafuta IIPCP: hiyo ni kazi iliyostahili zIIP lakini ikafanyiwa kwenye prosesa ya kawaida kwa sababu zIIP ilikuwa na foleni. Ukiwa na zIIP moja, usisubiri ifike asilimia 90 ndipo ushtuke. Duka lenye muuzaji mmoja hupata foleni mapema kuliko lenye wauzaji kumi, hata kama shughuli kwa kila muuzaji ni ileile.

*Linasubiri diski.* Muda wa majibu ya diski una sehemu nne, na kila moja ina mshukiwa wake. IOSQ ni foleni ndani ya z/OS yenyewe: dataseti nyingi zinagombea volyumu moja (diski moja kama z/OS inavyoiona), na HyperPAV, inayoruhusu maombi mengi kwa volyumu moja kwa wakati mmoja, kwa kawaida hulimaliza hilo. PEND ni kusubiri njia au kifaa, mara nyingi mfumo mwingine umekishika. DISC ni data kutokuwepo kwenye kache, au, kwa uandishi, kusubiri nakala ya sawia ifike kituo cha pili. CONN ni usafirishaji wenyewe: mablok makubwa (blok ni fungu la rekodi linalosomwa au kuandikwa kwa pamoja) au chaneli iliyozidiwa.

Tahadhari moja. Usipange volyumu kwa muda wa majibu, maana utamkuta juu yule asiye na hatia. Zidisha muda kwa idadi ya maombi kwa sekunde. Volyumu yenye maombi 2 kwa sekunde na majibu ya milisekunde 20 ina uzito wa 0.04. Yenye maombi 3,000 na majibu ya milisekunde 1 ina uzito wa 3, yaani kila wakati kuna maombi matatu yanayosubiri humo. Ya pili ndiyo inayokula muda wa wateja, ingawa milisekunde 1 inaonekana nzuri.

*Linasubiri kumbukumbu.* Siku hizi ni nadra. Ukiona kurasa zinapelekwa diski wakati wa saa za kazi, zungumza na wenye DB2 kuhusu ukubwa wa bafa zao kabla ya kuomba kununua kumbukumbu.

Kuna hali moja inayochanganya: jobu ileile, data ileile, lakini sekunde za CPU zimeongezeka. Si kwamba sekunde zinadanganya. Prosesa inaposubiri data ifike kutoka kache za mbali, muda huo bado huhesabiwa kuwa CPU. Rekodi 113 hukuonyesha mizunguko kwa kila agizo. Namba hiyo ikipanda, jobu imepata majirani wapya kwenye kache, na mwandishi wa programu hana la kujibu.

Hatua ya 5: Jobu moja moja

Rekodi 30 inakupa saa jobu ilipowasilishwa, saa ilipochaguliwa kuanza, saa ilipokwisha, sekunde za CPU na idadi ya maombi ya diski. Tofauti ya namba mbili za kwanza ni muda wa kusubiri inishieta, yaani nafasi ya kuendeshea jobu. Nimeona mijadala mirefu kuhusu "programu nzito" ambayo rekodi hii ingeimaliza kwa mstari mmoja: jobu ilikaa foleni muda mrefu kuliko ilivyofanya kazi.

Jobu ikichukua dakika 90 na CPU ikiwa dakika 12, kupunguza CPU hakutakusaidia sana. Angalia idadi ya maombi ya diski. Mkosaji wa zamani ambaye bado yupo ni blok ndogo. Faili ya rekodi za baiti 80, ikiwa na BLKSIZE ya 80, ina blok moja kwa kila rekodi: rekodi milioni moja, blok milioni moja. Kwenye diski ya 3390 nusu treki ni baiti 27,998. Kwa rekodi za 80 utaweka BLKSIZE 27,920, rekodi 349 kwa blok. Milioni ile inakuwa blok 2,866. Weka `BLKSIZE=0` faili inapoundwa na z/OS itachagua yenyewe, ilimradi programu ya COBOL ina `BLOCK CONTAINS 0 RECORDS`. Kwa VSAM (faili zenye faharasa), ongeza bafa za faharasa na data kabla ya kufikiria kuandika upya chochote. Hakuna marekebisho yanayolipa hivi kwa kazi ndogo hivi, na ndiyo maana nimeyapa nafasi.

Hatua ya 6: Kilele cha bili

Kwenye mikataba mingi ya IBM, kinacholipiwa ni wastani wa saa nne unaosogea, kwa MSU, na kilele chake ndani ya mwezi unaohesabiwa kuanzia tarehe 2 hadi tarehe 1 ya mwezi unaofuata. Tangu 2019 ipo pia mikataba ya Tailored Fit Pricing inayohesabu kwa namna nyingine, kwa hiyo uliza upo kwenye upi kabla ya kutoa ushauri.

Kwa data ya dakika 15, wastani huo ni vipindi 16 vya mwisho. LPAR ikitumia MSU 400 kwa saa mbili na 100 kwa saa mbili, wastani ni 250. Ikiendelea na 400 saa zote nne, ni 400. Hivyo mlipuko mfupi si ghali; mzigo mkubwa unaokaa ndio ghali. Tafuta saa nne za kilele, orodhesha jobu zilizokuwepo kwa kutumia rekodi 30, kisha uliza kila mwenye jobu kama lazima iende saa hiyo. Utashangaa ni ripoti ngapi hukimbizwa 10:00 kwa sababu tu mtu aliyeziratibu alikuwa kazini saa hizo. Na ukihesabu, jumlisha LPAR zote zinazoendesha bidhaa hiyo kwa saa ileile. Kilele cha kila moja peke yake hakina maana kwenye bili.

Hatua ya 7: Meza yako ya kazi

Sehemu hii watu huiruka, kisha hushangaa kwa nini kila tatizo wanaanza upya kutoka sifuri.

Daftari langu ni mafaili ya maandishi matupu, faili moja kwa tukio, jina likianza na tarehe: `2025-03-25-mishahara.txt`. Juu kabisa swali, chini yake nilichoangalia, namba, na nilichokikataa. Cha mwisho kina thamani kuliko vyote, kwani tatizo likirudi huhitaji tena kuthibitisha kwamba si diski. Folda nzima iko kwenye git. Nimejaribu programu za daftari zenye rangi na lebo, na zote huishia kukudai muda wa kuzipanga. `grep` haidai chochote.

Pembeni pawe na faili la pili: mabadiliko. Mstari mmoja kwa badiliko, saa na LPAR: prosesa imeongezwa, toleo la DB2 limepandishwa, uzani umeguswa. Usitegemee mfumo rasmi wa mabadiliko pekee, maana huandika kilichoidhinishwa, na kilichofanyika huweza kuwa kingine.

Kwa kuhamisha data, Zowe, zana za kuongea na meinfremu kutoka kompyuta ya kawaida, ni msaada mkubwa: unashusha dataseti na kuwasilisha jobu kutoka terminali ya kompyuta mpakato bila kufungua skrini ya 3270, ile terminali ya meinfremu ya maandishi matupu. Kwa rekodi za SMF zenyewe, FTP bado ni rahisi, ukikumbuka amri mbili kabla ya kuvuta: `bin` na `quote site rdw`. Bila ya pili, urefu wa rekodi unapotea na faili inakuwa uji. Kisha Python:

```
import struct
from datetime import datetime, timedelta

def rekodi(njia):
    with open(njia, "rb") as f:
        while True:
            rdw = f.read(4)
            if len(rdw) < 4:
                return
            urefu = struct.unpack(">H", rdw[:2])[0]
            yield rdw + f.read(urefu - 4)

def muda(r):
    mia = struct.unpack(">I", r[6:10])[0]
    d = r[10:14].hex()          # mfano 0125084f
    mwaka = 1900 + 100*int(d[1]) + int(d[2:4])
    return datetime(mwaka, 1, 1) + timedelta(
        days=int(d[4:7]) - 1, seconds=mia/100)

for r in rekodi("smf.bin"):
    print(muda(r), r[5], r[14:18].decode("cp037"))
```

Itakuchapishia muda, aina ya rekodi na jina la mfumo. Usishtuke ukiona ya kwanza ni aina ya 2 na ya mwisho ni ya 3. Hizo huwekwa na IFASMFDP kuashiria mwanzo na mwisho. Ukishafika hapo, kuandika CSV ya PI kwa kila daraja kwa kila robo saa ni jioni moja ya kazi na kitabu cha muundo wa rekodi pembeni. Ratibu skripti ijiendeshe kila asubuhi na ikuwekee grafu moja: leo, juu ya siku kama hiyo ya wiki iliyopita. Jumatatu ilinganishwe na Jumatatu. Tarehe 28 ilinganishwe na tarehe 28.

Data hizo zina majina ya watumiaji, dataseti na jobu za mwajiri. Zibaki kwenye mashine ya ofisi. Usizibebe kwenye kompyuta ya nyumbani, na usizibandike kwenye huduma ya akili unde ya mtandaoni ili ikusomee.

Mengine ni mazoea madogo. Vitabu vya IBM vishushe kama PDF ukiwa na intaneti nzuri, maana siku bando limeisha ndiyo siku utakayohitaji ramani ya rekodi 72. Aina za rekodi na maana za safu ziweke kwenye kadi za Anki, uzipitie ukiwa kwenye daladala au matatu. Ni za kukariri tu, hazihitaji falsafa. Arifa za simu zizime wakati unasoma ripoti ya WLM, kwani ukikatizwa katikati ya madaraja ishirini utaanza upya.

Hatua ya 8: Pa kujizoezea kama huna mashine

Njia mbili, na ni za mahitaji tofauti. IBM Z Xplore ni bure, inakupa akaunti kwenye z/OS halisi kupitia VS Code na Zowe, na utajifunza JCL (lugha ya kuandikia jobu, kama mifano ya Hatua ya 3), dataseti na Python upande wa meinfremu. Hutapewa kugusa sera ya WLM huko, jambo linaloeleweka.

Ya pili ni Hercules, programu inayoigiza meinfremu, ikiendesha MVS 3.8j kupitia mkusanyiko wa TK4- au TK5. Inakwenda vizuri kwenye Raspberry Pi, ambayo hata pauabanki ndogo huweza kuiwasha umeme ukikatika. MVS hiyo ni ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, haina WLM, lakini SMF ipo, na wewe ndiwe msimamizi wa kila kitu. Tengeneza faili ya rekodi laki moja za baiti 80 kwa BLKSIZE 80, nyingine kwa BLKSIZE kubwa kabisa ambayo diski uliyopewa inaruhusu, ziendeshe zote mbili na IEBGENER, kisha linganisha idadi ya maombi ya diski na muda. Halafu fungua jobu mbili zinazotaka dataseti moja kwa `DISP=OLD`, uone ya pili ikikaa, na utafute kwenye konsoli ujumbe unaoeleza inasubiri nini.